Kamera ya laki sita yenye zumu: pima umbali wako kwanza

Mkuu mleta uzi, umesema una laki sita, unataka kamera inayovuta vizuri kwa ajili ya mahafali ya watoto, mechi za ndondo na wanyama wa hifadhi ya Mikumi ukijaliwa, maana simu yako ukivuta kidogo tu picha inakuwa ukungu. Mimi narekodi sherehe na mpira hapa Dar. Si wa televisheni, lakini wateja wanalipa, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyashika mkononi.

Tuachane kwanza na namba ya kwenye boksi. "Mara 50" maana yake mwisho wa lenzi ni mara hamsini ya mwanzo wake, basi. Lenzi inayoanzia milimita 24 ikivuta mara 50 inafika 1200. Inayoanzia 20 inahitaji mara 60 ili ifike palepale. Kwa hiyo uliza milimita (zile zinazolinganishwa na filamu ya zamani ya 35mm), kisha piga hesabu hii: umbali wako kwa mita, zidisha kwa 36, gawanya kwa milimita za lenzi. Jibu ni upana wa eneo litakaloingia kwenye picha, kwa mita.

Ukumbi wa mahafali, mtoto yuko jukwaani mita 20, lenzi ipo 300: unapata mita 2.4, yaani mtoto na mwalimu anayempa cheti. Uwanjani, mchezaji yuko mita 60, lenzi ipo 600: mita 3.6, mtu mmoja na mpira wake. Na kwenye mpira huwezi kukaa hapo muda mrefu, pasi moja tu ishakupotea. Mechi nzima huwa nairekodi lenzi ikiwa kati ya 100 na 300. Ni Mikumi peke yake ambako 1200 ina kazi ya kweli: simba amelala mita 80 kutoka barabarani, unapata mita 2.4, anajaa.

Umeona sasa? Mawili kati ya matatu uliyotaja hayahitaji hata nusu ya zile namba wanazokuimbia Kariakoo.

Namba nyingine ya kuogopa ni zumu ya dijitali. Hiyo haivuti kitu, inakata katikati ya picha na kuipanua, kazi ambayo simu yako tayari inakufanyia. Kuna vikamera vya video vimejaa mitandaoni, vimeandikwa 4K, megapikseli 48, zumu mara 16, vinakuja na maiki na taa ndani ya boksi, bei ya kuvutia. Soma maandishi madogo: zumu yote ni ya dijitali, lenzi haisogei hata kidogo. Usitoe hela yako. Hata kamera nzuri ukiinunua, ingia kwenye menyu uizime zumu ya dijitali kabla hujaenda popote.

Mwanga ndiyo habari kubwa, na wauzaji hawaigusi. Kamera hizi za kuvuta sana zina kihisi kidogo, kile kijisahani kinachopokea mwanga. Kwa nyingi ni takriban milimita 6 kwa 4.5. Halafu lenzi inavyorefuka, mlango wa mwanga unabanwa (unapimwa kwa namba ya f: namba ikiwa kubwa, mlango ni mdogo). Panasonic FZ82, kwa mfano, inaanza f/2.8 ikiwa milimita 20 na kuishia f/5.9 ikiwa 1200: mwanga unaoingia mwisho wa lenzi hata robo ya ule wa mwanzo haufiki. Canon SX50 HS ya mwaka 2012, ambayo bado inapatikana kwa mtumba, inaishia f/6.5. Mchana wa jua hutaona tofauti. Ukumbini saa mbili usiku, mapazia yamefungwa na taa ni za rangi, utapata chengachenga. Dawa ni kusogea mbele na kuvuta kidogo. Omba nafasi kwa MC mapema, akikuzoea atakupa.

Sasa muda. Kamera nyingi za picha, hasa za zamani kidogo, hukata video kabla ya dakika 30. Si ubovu: Ulaya iliwahi kutoza ushuru mkubwa zaidi kwa kamera za video, na kamera ya picha inayoweza kurekodi nusu saa mfululizo ilihesabiwa kuwa ya video, kwa hiyo viwanda vikaweka kikomo cha dakika 29 na sekunde 59. Kipindi kimoja cha mpira ni dakika 45. Hotuba ya mgeni rasmi, wewe unajua. Kamkoda, yaani kamera ya video ya mkononi, haina tabia hiyo: inarekodi mpaka kadi ijae au betri iishe, na kitufe chake cha kuvuta kinakwenda taratibu bila kushtuka. Kamera ya picha ukiivuta katikati ya video, mara nyingi lenzi inaruka na maiki inanasa mlio wa mota.

Kwa hiyo ushauri wangu: chukua kamkoda, hata kama ni ya mtumba. Sony HDR-CX405 inavuta mara 30 kwa lenzi halisi, inafika kama milimita 800, ni nyepesi na inashika vizuri kiganjani, ila haina tundu la maiki. Canon LEGRIA HF R806 inavuta mara 32 na ina tundu la maiki pamoja na la hedifoni. Mimi kati ya hizo mbili ningechukua Canon bila kufikiria mara mbili, kwa sababu video ya mahafali isiyosikika jina la mtoto hakuna mzazi atakayeilipia. Za kanda ziache, hata ukipewa bure utahangaika kutafuta kanda na waya wa kuhamishia.

Kama moyo wako uko kwa wanyama na ndege, hapo geuza: FZ82 au SX50. Nikon P1000 yenye milimita 3000 ina gramu 1415 na bajeti yako haiifikii, iache kwa wapiga picha za mwezi.

Uliza pia imetoka wapi. Za soko la Marekani hurekodi fremu (zile picha mojamoja zinazounda video) 30 au 60 kwa sekunde, na umeme wetu ni hezi 50. Chini ya baadhi ya taa video itapepesa au kuwa na mistari. Kama kamera inakuruhusu kuweka shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde, tatizo linapungua sana, lakini kamkoda nyingi za bei ya chini hazikupi ruhusa hiyo. Za Sony zilizouzwa Japani nyingi zina menyu ya Kijapani tu. Ifungue menyu hapohapo dukani. Kisha vuta mpaka mwisho ukilenga bango la ng'ambo ya barabara, usikilize kama kuna mkwaruzo, na ulenge anga jeupe uone kama kuna madoa ya vumbi.

Chenji ikibaki, nunua betri ya pili na stendi nzito kidogo; ukiwa juu ya stendi zima kizuia mtikisiko. Memori kadi ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta, maana za bandia zimejaa. Na Mikumi beba kifuko cha mchele, kiweke kwenye dirisha la gari, ulaze kamera juu yake, umwambie dereva azime injini. Ukiwa umevuta mpaka mwisho, mtikisiko wa injini unaonekana kwenye video hata kama wewe huuhisi.