UML kabla ya kodi? Yaliyonikuta na wavuvi wa Tanga

Mkuu, umeuliza kama mteja wako wa duka la jumla umchoree kwanza aina zote 14 za michoro ya UML (lugha ya michoro ya kueleza mfumo wa kompyuta) mlizofundishwa chuo, au uingie kwenye kodi, yaani kuandika programu yenyewe, moja kwa moja. Mimi nilikosea kote kuwili.

Kikundi kimoja cha wavuvi kiliniomba mfumo wa hesabu za mnada pale soko la samaki la Deep Sea. Nikajifanya mjuzi, nikawachorea mchoro wa klasi, yaani vitu vya mfumo na uhusiano wao: Chombo, Nahodha, Tenga, Mnunuzi, mistari na vinyota. Wakatikisa vichwa, "sawasawa, mwalimu." Kumbe wananistahi tu! Nikapiga kodi wiki tatu: tenga moja, bei moja, malipo papo hapo.

Siku ya kuwaonyesha, mama anayeshika daftari akatazama skrini, akaniuliza taratibu: "Baba, na mali kauli umeiweka wapi?"

Sikuwa nayo. Wachuuzi hubeba tenga alfajiri bila kutoa hela, wakauze Ngamiani, jioni ndiyo walete. Soko likilala wanarudi kuomba kupunguziwa, kwa hiyo bei ya alfajiri siyo ya jioni. Kanzidata yangu, yaani ghala la taarifa za mfumo, ilikuwa na safu moja tu ya bei.

Palikuwa na kalenda kuukuu ukutani. Nikaigeuza, nikachora maisha ya tenga peke yake: Limeshuka, Limenadiwa, Mali kauli, Limelipwa. Juu ya kila mshale nikaandika nani kafanya nini. Mama akaninyang'anya kalamu. Akaongeza mshale unaotoka Mali kauli na kurudi hapohapo, "kapunguziwa". Kisha akachora boksi ambalo nisingeliota: Kitoweo. Samaki wa mabaharia huchotwa kabla ya mnada, hawana bei, lakini hesabu ya mzigo inapungua. Mabishano yakaanza, nahodha naye akaingilia, nami kazi yangu ikawa kuandika tu.

Huo ndio mchoro wa hali. UML iliyopitishwa na OMG, shirika la viwango vya programu, mwaka 1997 iliurithi kwa mwanasayansi wa kompyuta David Harel, aliyeuchapisha 1987 baada ya kukaa na wahandisi wa ndege za kivita kule Israeli akiwadadisi ndege yao inafanya nini hasa. Yeye wahandisi, mimi mabaharia.

Mchoro wa klasi bado nauchora, ila ni wangu na kanzidata, mteja haumhusu. Wa mfuatano, unaoonyesha nani anamtumia nani ujumbe na kwa zamu gani, niliuchora mmoja tu, wa malipo ya simu, maana ujumbe wa uthibitisho unaweza kuchelewa au kuja mara mbili. Mingine sikuigusa. Ukishakubaliana nao kwenye karatasi, ihamishie PlantUML: unaandika maneno, yenyewe inachora, na faili linakaa pamoja na kodi.

Ile kalenda wameibandika ofisini, mgongo nje. Juzi nimekuta boksi jipya la wino mwekundu, halina jina, lina mishale miwili. Kesho alfajiri nashuka kuuliza.