Sukari 9 ICU, na muuguzi anasema "iko vizuri"?

Baba hajawahi kuwa na kisukari. Kagongwa na bodaboda, yuko ICU, sukari 13. Imetoka wapi? (Msomaji, Mbagala)

Pole sana. Mwili ukiumia vibaya humwaga adrenalini na kotisoli, ini linaachia sukari, na insulini (homoni inayoshusha sukari) iliyopo haifui dafu. Dawa za steroidi nazo huipandisha. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu iliyopita, kitaonyesha kama alikuwa na kisukari tangu zamani, ila kama ameongezewa damu majibu yanaweza kupotosha.

Kliniki walimwambia mama asubuhi isizidi 7. ICU ni 9 na hawashtuki. Si uzembe? (Tabata)

Si uzembe. Mwaka 2001 madaktari wa Leuven, Ubelgiji, wakiongozwa na Greet Van den Berghe, waliibana sukari ya wagonjwa wa ICU ya upasuaji iwe 4.4 hadi 6.1 (milimoli kwa lita, kama glukomita zetu zinavyosoma). Vifo humo ICU vikashuka kutoka asilimia 8 hadi 4.6. Kila mtu akataka kuiga. Mwaka 2009 ukaja utafiti wa NICE-SUGAR, wagonjwa zaidi ya 6,000: waliobanwa namna hiyo walifariki asilimia 27.5 ndani ya siku 90. Waliolengwa wasizidi 10 tu, asilimia 24.9. Sukari iliporomoka vibaya kwa asilimia 6.8 ya waliobanwa, dhidi ya 0.5 ya wale wengine.

Nyumbani sukari ikishuka, mama atatetemeka, atalowa jasho, ataomba chai. Akiwa kwenye mashine, kalazwa kwa dawa za usingizi, haombi kitu, na ubongo unaumia kimya kimya. Ndiyo maana insulini kwa kawaida huanzishwa ikifika 10 na kuendelea, lengo likiwa 7.8 hadi 10. Mimi 9 hainitishi hata kidogo. 3 ndiyo ingenikimbiza.

Mgonjwa wetu wa ICU wanampima sukari kila saa. Si mateso? (Mwananyamala)

Insulini ya dripu inabadilisha sukari upesi, lazima ifuatwe. Wakichukua damu kwenye mrija uliowekwa mshipani badala ya kidole, afadhali: kidole cha baridi kilichovimba huidanganya glukomita.

Nimpe dada kijiko cha uji au dafu? Nitamwomba muuguzi ageuke pembeni. (Kigamboni)

Usithubutu! Anaweza kupaliwa, kikaingia mapafuni. Chakula chake kinapita kwenye mpira wa puani na insulini imepigiwa hesabu ya hicho hicho. Kama mkono unakuwasha, tazama mfuko wa chakula: ukikuta umeisha na pampu ya insulini bado inasukuma, mwite muuguzi hapo hapo.