Bima ndogo, bajaji na mguu wa mama wa korosho

Ndugu yangu wa Mikindani, pole sana. Umeuliza kwa nini udaiwe wewe wakati dereva wako ndiye aliyemgonga mama muuza korosho, nawe ulikuwa msibani Lindi, na kama bima ndogo italipa.

Unadaiwa kwa sababu dereva alikuwa kazini kwako. Sheria humbebesha tajiri uzembe wa dereva wake. Ila kugonga peke yake si uzembe: mama aonyeshe kwamba dereva alipaswa kuwa mwangalifu, hakuwa, na mguu ukavunjika kwa sababu hiyo. Wewe mwenyewe umeandika kwamba alikata kona simu ikiwa sikioni. Hapo, kusema kweli, sioni pa kujitetea. Kama mama naye alivuka bila kutazama, fidia inaweza kupunguzwa.

Bima ndogo ni lazima kisheria, na kazi yake ni kumlipa mama. Kioo cha bajaji na taa ni mfuko wako. Wengi hulijua hilo wakiwa gereji.

Leo hii andikia kampuni ya bima. Hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, maana za bandia zipo. Mama apewe PF3 polisi, ile fomu ya matibabu ya majeruhi. Usisaini karatasi ya kukiri kosa kabla watu wa bima hawajaiona. Kumpelekea uji hospitali si kukiri, mpelekee. Na akikaa kimya mwaka mzima usidhani yameisha: madai ya namna hii yana miaka 3 ya kufunguliwa mahakamani.