Dawa mpya ya magugu kwenye mpunga: anza na maji

Nyie mnaoanza kazi ya kujaribu dawa za magugu kwenye mpunga, majaribio mengi yanaharibikia kwenye maji, sio kwenye dawa. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na ploti za mita 4 kwa 5, marudio manne (yaani kila dozi iko kwenye ploti nne), nimezipanga kwa kura vizuri kabisa, ila kingo nilijenga nyembamba, panya wakatoboa, maji ya ploti ya dozi mara mbili yakahamia usiku kwenye ploti ambayo haikupigwa kitu. Wiki mbili baadae naikuta imekuwa njano upande mmoja, magugu yamelala, sasa hapo unalinganisha na nini? Rudio zima nikalitupa. Siku hizi kila ploti ina kingo nene na njia yake ya kuingizia na kutolea maji.

Halafu bomba la kupulizia dawa. Usichukue namba ya mwenzio ya lita za maji kwa hekta, kila mtu ana mwendo wake. Weka maji matupu, piga mita za mraba 100, pima yaliyotumika, zikienda lita 2 basi wewe unapiga lita 200 kwa hekta. Sasa dozi ikiwa mililita 250 kwa hekta, ploti ya mita za mraba 20 inataka nusu mililita tu kwenye maji mililita 400! Kifuniko cha chupa hakikusaidii hapo, tafuta bomba la sindano.

Magugu yahesabu kwa makundi, maana dawa inaweza kufagia majani mapana ikaacha nyasi, na jumla ikakudanganya. Ndago ukilivingirisha shina kwa vidole unasikia pembe tatu. Ila kuna lile gugu pacha wa mpunga, nyasi ya jamii ya Echinochloa, likiwa dogo linapoteza watu kweli, we vuta jani taratibu pale linaposhikana na shina: mpunga una kiulimi cheupe, lile halina.

Mpunga ukigeuka njano siku chache baada ya kupiga usipanike, mara nyingi unarudi, we andika tarehe na alama ya ukali wa huo unjano.

Na ile ploti ya kulinganishia, inayopaliliwa kwa mkono bila dawa, usiiache hata vibarua wakinuna, kwa sababu ukivuna ukakuta ploti ya dawa ilikuwa safi kabisa lakini mavuno yako chini ya hii ya mkono, shuku dawa yenyewe, huenda iliuumiza mpunga hata kama kwa macho uliuona mzima.