Kadi za besiboli za mtindo wa zamani: thamani iko wapi?

Kwenye mnada wa vitu vya nyumbani hapa Ohio nimepata kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle iliyoandikwa Topps, kampuni inayotengeneza kadi hizi, muundo wa 1952. Je, ndiyo ile ya mamilioni?

Ile ya mamilioni ipo kweli: Agosti 2022 kadi moja ya Mantle ya 1952 ilinunuliwa kwa dola milioni 12.6. Lakini kabla hujamwambia mtu, ndugu yangu, igeuze usome mgongoni, kisha chukua rula. Topps walichapisha upya seti hiyo mwaka 1983, na toleo hilo lina upana wa milimita 64 hivi na urefu wa 89. Kadi halisi ni kubwa zaidi, takriban 67 kwa 95.

Uhaba wa ile halisi una kisa chake. Kadi ya Mantle, namba 311, ilikuwa kwenye fungu la mwisho la seti, lililofika madukani msimu ukiwa unaisha. Watoto walikuwa wameshahamia mchezo mwingine, mzigo ukalala ghalani. Sy Berger, aliyesaidia kubuni kadi hizo, alisimulia kwamba mwaka 1960 alizipakia kwenye tishari na kuzimwaga Bahari ya Atlantiki. Nikikifikiria kisa hicho huwa naumia. Toleo la 1983 halikupitia masaibu hayo. Lilinunuliwa na watu waliojua kutunza, ndiyo maana bado zipo nyingi na bei yake haikaribii ya ile halisi.

Nina kadi ndogo ya Babe Ruth, gwiji wa besiboli, yenye jina la Allen & Ginter. Muuzaji anasema ilitoka kwenye pakiti ya sigara ya 1887.

Haiwezekani. Ruth alizaliwa 1895. Allen & Ginter walikuwa watengenezaji wa sigara wa Richmond, Virginia, na kadi zao za kwanza za besiboli ni za miaka hiyo ya 1880. Topps walilifufua jina hilo mwaka 2006. Kadi yako inapendeza, itunze, ila usiilipie bei ya karne ya 19.

Basi hizi za kisasa zenye sura ya kale hazina faida yoyote?

Zipo zenye faida, na mimi nazipenda kwa dhati. Tazama Topps Heritage, iliyoanza 2001 kwa kurudia muundo wa 1952. Ndani ya pakiti zake hutokea kadi zilizosainiwa na wazee waliocheza enzi za muundo wenyewe. Hapo kuna kitu cha kweli: mkono wa mchezaji uligusa kadi hiyo, na akishafariki hatasaini nyingine. Angalia saini iwe juu ya kadi yenyewe. Iliyowekwa kwenye stika na kubandikwa, wakusanyaji wengi huithamini kidogo. Angalia pia namba ya toleo. Kadi iliyoandikwa 5/25 maana yake zimetoka 25 tu. Isiyo na saini wala namba, hata awe gwiji kama Hank Aaron, kwa kawaida ni ya bei ndogo.

Niipeleke PSA, kampuni ya kupima kadi, ikapimwe ubora?

Ikiwa ni ya kawaida, hapana. Ada ya kupima na posta itazidi bei ya kadi. Ikiwa ina saini na namba ndogo, kagua kwanza pembe nne chini ya taa kali. Pembe ikiwa imechakaa, iache kwenye plastiki yake.