Muulize Mwalimu: Maganda ya matoke na asidi ya kiwandani

SWALI: Mwalimu, salamu. Namenyea hoteli matoke hapa Kalerwe, Kampala, na kila jioni nabaki na magunia ya maganda. Kijana mmoja anadai shilingi 500,000 anifundishe kuyageuza asidi na asetoni za kuuza viwandani. Ni kweli au naibiwa?
– Mama wa Kalerwe

JIBU: Mama, kemia yake ni ya kweli. Hesabu yake ndiyo siiamini.

Maganda yakivundikwa kwenye pipa lisiloingia hewa, bakteria huyavunja kwa zamu: sukari, kisha asidi (asetiki, ile ya siki, na butiriki inayonuka kama samli iliyochacha), mwisho methani, gesi inayowaka. Mwenye kutaka asidi huwakatiza kabla ya methani. Asidi nayo ikizidi huwaua walioitengeneza, kwa hiyo hutiwa chokaa ya mawe iliyosagwa, mawe yale yale ya saruji ya Tororo. Hapo hupatikana aina ya chumvi (si ya kula) ambayo ikichomwa kavu hutoa mvuke wa asetoni, dawa ile ya kufutia rangi ya kucha. Wala si mambo mapya. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walihitaji asetoni ya kutengenezea baruti, na mwanakemia Chaim Weizmann akawapa bakteria wanaoitoa moja kwa moja kwenye wanga wa mahindi.

Tabu iko kwenye maji. Ndani ya pipa lako asidi itakuwa asilimia chache tu. Mpika waragi hufaulu kwa pipa na bomba kwa sababu pombe huchemka kwenye nyuzi 78, ikayatangulia maji. Asidi ya asetiki huchemka kwenye nyuzi 118, kwa hiyo maji ndiyo hutangulia, na mkaa wote wa Kalerwe utaishia hapo. Viwanda vina mitambo ya kazi hiyo. Kijana wako ana nini? Asetoni hata usiijaribu, inadaka moto upesi mno.

Ukitaka biashara, tengeneza siki. Usitumie maganda mabichi: yamejaa wanga, na hamira haili wanga. Chukua ndizi zilizoiva mpaka zinatupwa, ponda, chuja, tia hamira. Mapovu yakitulia, mimina kwenye chombo cha mdomo mpana, ongeza siki kidogo isiyochemshwa, funika kwa kitambaa hewa ipite, ngoja wiki kadhaa. Kabla ya kuuza, ipimwe na Shirika la Viwango, UNBS.

Na maganda? Waache bakteria wafike mwisho. Methani hutoka majini yenyewe, hulipii mkaa wa kuitenganisha, na utaipikia matoke hapo hapo.