Kifurushi cha Mac: ni faili au folda?

Ndugu, umeuliza kwa nini programu yako inaiona hati ya .rtfd (maandishi yenye picha) kuwa folda ilhali Finder, programu ya Mac ya kuonyesha faili, inaionyesha kama faili moja. Programu yako haijakosea: kwenye diski hiyo ni folda kweli, ina maandishi na picha ndani. Finder ndiyo inayoifunika; folda ya namna hii ndiyo huitwa kifurushi (package).

Kwa hiyo katika msimbo wako isDirectoryKey, sifa inayosema kama kitu ni folda, peke yake haitoshi. Soma pia isPackageKey, inayosema kama ni kifurushi. Ikirudisha true, ichukulie kama hati moja. Tafadhali usijitungie orodha ya viishio vya majina (kama .rtfd), maana programu yoyote inaweza kusajili aina yake mpya ya kifurushi. Unapopekua folda kwa FileManager, zana ya Apple ya kushughulikia faili, weka chaguo la skipsPackageDescendants ili iruke yaliyomo ndani ya vifurushi, la sivyo utazama ndani ya kila .app, maana programu za Mac nazo ni vifurushi. Ni pale tu unapotaka kujua ukubwa wa kifurushi ndipo uingie ujumlishe faili zilizomo.